Daftari la Mwenye Mikarafuu: Juu ya Hatari ya Mali na Kutawanywa Kwake

Wahenga wetu walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka, na kwa methali hiyo vijana wengi wamefunzwa kushika jambo moja tu na kulishika kwa nguvu zote. Katika elimu na katika kazi ya mikono huenda mafunzo hayo yakafaa. Lakini katika mambo ya mali yatupasa tuitazame methali hiyo mara ya pili, kwani ndani yake mna neno ambalo husahauliwa. Aliyeshika mbili, moja ikimponyoka, ya pili imebaki mkononi mwake. Bali aliyeshika moja, nayo ikamponyoka, mkono wake ni mtupu. Basi swali la insha hii ni hili: mtu mwenye mali kidogo au nyingi atajuaje kama kweli ameshika mbili, au ameshika kitu kimoja chenye majina mawili? Swali hili sitaki kulijibu kwa mawazo matupu. Nataka kulijibu kwa historia ya Unguja na Pemba, ambako kwa muda wa miaka mia na zaidi watu waliweka mali zao katika zao moja, na ambako kila aina ya hasara ilipita ikaacha alama yake.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Hatari ya mali si hasara yenyewe, ila ni uwezekano wa hasara, pamoja na ukubwa wake itakapotokea. Kutawanya mali ni kuiweka mahali mbalimbali ili tukio moja lisiweze kuiangamiza yote. Wazo hili si geni wala si la wageni. Wafanyabiashara wa bahari walilijua tangu kale: mtu aligawanya bidhaa zake katika vyombo viwili au vitatu, na waliokuwa na fedha bila nguvu za kusafiri waliingia katika ushirika wa mudharaba, ambamo mmoja hutoa mtaji na mwingine hutoa kazi, faida hugawanywa kwa mapatano, na hasara ya mtaji humwangukia mwenye mtaji. Hata wale wasomaji walioisoma tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, watakumbuka kwamba mfanyabiashara Antonio, mwanzoni kabisa mwa mchezo, hana wasiwasi juu ya mali yake kwa sababu haiko katika chombo kimoja wala haikuelekea bandari moja. Kisha habari zikamfikia kwamba vyombo vyote vimepotea. Antonio alihesabu vyombo vyake, lakini hakukumbuka kwamba vyombo vyote vilikuwa juu ya bahari, na kwamba deni lake lilikuwa na tarehe. Makosa haya mawili tutayaona tena huku kwetu.

Mkarafuu si mti wa asili ya Afrika. Kwao ni visiwa vya Maluku katika Indonesia ya leo, nao Waholanzi waliulinda huko kwa ukali ili faida isiende kwa mwingine. Wafaransa waliuiba ukiritimba huo katika karne ya 18, wakaupanda mti huo katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na kutoka huko ukaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mwarabu mmoja wa Oman, Saleh bin Haramil, ndiye atajwaye kuwa aliuleta. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Unguja hata alipofariki baharini mwaka 1856, aliona upesi thamani yake. Alipanda mwenyewe, akawahimiza wengine kupanda, na yasimuliwa kwamba aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii anyang'anywe shamba lake.

Amri hiyo yafaa tuitazame kwa jicho la mhasibu. Mtawala aliyeitoa hakuwa mtu wa zao moja. Alikuwa na vyombo vya baharini na mashamba yake, na zaidi ya hayo alikuwa na forodha, ambayo hakuisimamia mwenyewe bali aliikodisha kwa mfanyabiashara wa Kihindi kwa kiasi maalumu cha fedha kila mwaka. Mwaka ukiwa mwema au mbaya, kiasi kile kililipwa. Aliyekodi forodha ndiye aliyebeba hatari ya mwaka. Hivyo Seyyid aliiuza hatari yake kwa mwingine kwa bei iliyojulikana. Bali mwenye shamba wa kawaida, aliyeng'oa minazi na miembe yake ili apande mikarafuu, hakuwa na forodha ya kukodisha. Kwa yeye amri ile ilikuwa ni kuhama kutoka mali nyingi ndogo kwenda mali moja kubwa. Kile kilichokuwa busara katika daftari la mtawala kilikuwa hatari katika daftari la raia wake.

Tena mkarafuu ni mali ya namna ya peke yake. Hauzai mara upandwapo. Hungojewa miaka 7 au 8 ndipo uanze kuzaa vema, na baada ya hapo huweza kuishi miaka mingi sana. Kwa hiyo apandaye mikarafuu leo anaweka mtaji wake kwa bei asiyoijua, maana bei itakayomlipa ni ya miaka 8 ijayo. Isitoshe, mavuno yake hayana utaratibu: mwaka mmoja matawi huinama kwa uzito, na mwaka wa pili mti hukaa kama uliosahau kazi yake. Na yakija mavuno, vikonyo havingoji, kwani lazima vichumwe kabla ya ua kufunguka, basi huhitajika mikono mingi kwa majuma machache. Katika karne ya 19 mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Hapa lazima tuseme wazi jambo ambalo madaftari ya zamani hulificha chini ya hesabu: katika mali ya mwenye shamba, pamoja na miti na ardhi, waliandikwa binadamu. Juu yao tutarudi.

Hasara ya kwanza haikuletwa na upepo wala na sheria. Ililetwa na neema. Karibu na mwaka 1830 frasila moja ya karafuu, yaani ratili 35 hivi, ilipata kiasi cha dola 10 za Maria Theresa. Watu walipoona hivyo, kila mtu alipanda. Mikarafuu ile ilipofika umri wa kuzaa, ilizaa yote pamoja, na ilipofika katikati ya karne bei ilikuwa imeanguka chini ya dola 3. Hakuna aliyekosea kazi yake, wala hakuna mti uliokauka. Ila wote walikuwa wamefanya hesabu moja siku moja. Hii ndiyo hatari ya kwanza: mali ambayo kila jirani anayo hupoteza thamani kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa kila jirani anayo.

Mwenye shamba aliyezoea maisha ya dola 10 hakuweza kurudi haraka kwenye maisha ya dola 3. Alikopa. Sheria ya Kiislamu yakataza riba, basi watu walitumia bei ya khiari: mkopaji alimwuzia mkopeshaji shamba lake kwa sharti kwamba ataweza kulikomboa, na kwa muda ule akaendelea kukaa humo kwa kulipa kodi. Kwa jina ilikuwa biashara, kwa kazi yake ilikuwa rehani. Na deni hubadili tabia ya mali yote. Asiye na deni akipata mwaka mbaya hukaza mkanda na kungoja mwaka mwema. Mwenye deni hawezi kungoja, kwa sababu siku ya kulipa imekwisha andikwa, nayo haijui habari za mavuno.

Ndipo tarehe 15 Aprili, 1872, kimbunga kikaipiga Unguja. Watu wa kisiwani walikuwa na imani kwamba balaa ya namna ile haifiki kwao, kwa kuwa wazee wao hawakuwahi kuiona. Vyombo vilivyokuwa bandarini vilivunjwa karibu vyote. Katika mashamba, kiasi cha theluthi mbili za mikarafuu na minazi ziliangushwa. Miti ambayo ilingojewa miaka 8 ili izae, na ambayo ilikuwa bado ina miongo ya kuzaa mbele yake, ililala chini kwa saa chache. Lakini Pemba, iliyo kaskazini kwa mwendo mfupi wa bahari, haikuguswa sana. Na kwa kuwa karafuu za Unguja zilipungua, bei ya karafuu ilipanda mara kadhaa, na wenye mashamba Pemba wakapata faida kutoka katika msiba ule ule uliowafilisi ndugu zao. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa mama wa karafuu, nayo mpaka leo hutoa sehemu kubwa ya mavuno yote ya visiwa hivi.

Ili tuone vizuri maana ya jambo hili, natuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kulikuwa na watu wawili, kila mmoja ana mali ya reali 10,000. Wa kwanza ana mashamba ya karafuu ya reali 7,000, yote Unguja. Shamba la minazi la reali 1,000, Unguja vilevile. Nyumba ya mawe mjini ya reali 1,000. Na bidhaa za reali 1,000 alizompa mfanyabiashara wa bara. Wa pili ana vitu vile vile kwa thamani ile ile, isipokuwa karafuu zake za nusu, yaani reali 3,500, ziko Pemba. Kila mmoja ana deni la reali 5,000. Siku ya tarehe 14 Aprili mtu yeyote angewaita matajiri sawa.

Kimbunga kikipita na kuangusha theluthi mbili za miti ya Unguja, wa kwanza hupoteza reali 4,667 za mikarafuu na reali 667 za minazi, jumla ni kiasi cha 5,333. Amebakiwa na mali ya reali 4,667, na deni lake ni 5,000. Huyu amefilisika. Wa pili hupoteza 2,333 za mikarafuu na 667 za minazi, jumla reali 3,000. Amebakiwa na reali 7,000, na akilipa deni lote atasaliwa na 2,000; na karafuu zake za Pemba sasa zauzwa kwa bei kubwa kuliko jana. Tofauti kati ya mtu aliyesimama na mtu aliyeanguka si bidii wala si akili ya kulima, ni mwendo wa siku moja kwa jahazi.

Tuangalie pia ile minazi. Mtu wa kwanza angeweza kujisifu kwamba hakutegemea zao moja, kwa maana alikuwa na nazi pamoja na karafuu. Na kwa upande wa bei alisema kweli, kwani bei ya nazi haiendi pamoja na bei ya karafuu, na mnazi huangusha nazi zake mwaka mzima wakati mkarafuu una msimu. Lakini kwa upande wa upepo hakuwa na mali mbili. Alikuwa na miti, nayo miti yote husimama juu ya ardhi moja. Na tugeuze mfano. Kama si upepo bali bei ndiyo iliyoanguka kwa nusu, Pemba isingemsaidia mtu wa pili hata kidogo, kwa sababu karafuu ya Pemba na karafuu ya Unguja huuzwa soko moja. Wote wawili wangepoteza reali 3,500, na hapo minazi ndiyo ingewafaa. Basi dawa ya upepo si dawa ya bei. Kila hatari ina mtawanyo wake, wala hakuna mtawanyo mmoja uponyao zote.

Mwaka uliofuata kimbunga ukaleta hatari ya namna ya tatu, nayo ni sheria. Mwezi wa Juni, 1873, Seyyid Barghash, kwa kushurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga soko lao la Unguja. Mwaka 1897 hali ya utumwa yenyewe ikaondolewa mbele ya sheria katika Unguja na Pemba. Kwa wale waliokuwa watumwa huo ulikuwa mwanzo wa haki, ijapokuwa ulikuja polepole na kwa masharti mengi. Kwa daftari la mwenye shamba ulikuwa ni kufutwa kwa fungu zima la mali. Naye hakuweza kulalamika kwamba hakuonywa, kwa sababu mikataba ya kuibana biashara ile ilikuwa imeanza tangu mwaka 1822. Mali inayosimama juu ya dhuluma ina hatari ambayo haionekani katika bei yake, kwani siku moja watu wataacha kuikubali kuwa mali.

Katika habari za watu wa wakati ule, hakuna daftari la kufundisha kuliko la Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip. Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, nayo yalitolewa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye W. H. Whiteley aliyatafsiri na kuyachapisha mwaka 1958 na 1959 kama nyongeza ya jarida la kamati ya Kiswahili. Asomaye kitabu hicho kwa kutafuta habari za vita atazipata, lakini asomaye kwa kutafuta habari za mali atapata zaidi: kila safari ina hesabu ya bidhaa, ya wapagazi, ya frasila za pembe na ya madeni. Alichukua bidhaa kwa mkopo kutoka kwa Taria Topan, akaenda bara, akamshinda Nsama wa Itahwa mwaka 1867 na kupata pembe nyingi mno. Safari yake ndefu kupita zote ilichukua miaka 12 hivi, akarudi pwani mwaka 1882. Mtu aliyemkopesha alikuwa ameweka fedha katika mali ambayo kwa muda wote huo asingeweza kuiona wala kuiuza.

Tippu Tip alitambua kwamba pembe ni mali ya hatari sana, na faida yake hakuirudisha yote bara. Alinunua mashamba Unguja. Ilipofika mwaka 1895 ilisemekana kwamba ana mashamba 7 na watumwa 10,000. Uamuzi huo ulimwokoa. Vita vya dola ya Kongo na Waarabu vilipozuka mwaka 1892 na kwisha mwaka 1894, utawala wake wa bara ulivunjwa na mwanawe Sefu akauawa, lakini yeye mwenyewe alikuwa Unguja, na mashamba yake yalibaki. Alifariki mjini mwaka 1905, akiwa bado mtu mwenye mali. Hata hivyo, tukiuliza ni sababu gani ingeweza kuigusa pembe na shamba kwa mara moja, jibu li wazi: ni nguvu za Wazungu. Huko Kongo zilikuja kwa bunduki, na Unguja zilikuja kwa sheria ya mwaka 1897. Alikuwa ameyatenga mapato yake kwa mahali na kwa bidhaa, ila kwa sababu ya mwisho yalikuwa yamefungamana.

Yaweza kudhaniwa kwamba mkopeshaji ndiye aliyekuwa salama. Nyumba kubwa za Wahindi, kama ile ya Jairam Shivji iliyokuwa na asili yake Kach, zilikuwa na forodha, mikopo ya misafara, biashara ya nguo na ya pembe, na rehani za mashamba. Huo kwa kweli ulikuwa mtawanyo wa kweli kuliko wa mwenye shamba. Lakini mkopeshaji mdogo aliyekuwa na wadaiwa 50, wote wenye mikarafuu, hakuwa na mikopo 50. Alikuwa na mkopo mmoja uliogawanywa katika vipande 50. Katika miaka ya 1930, bei ya mazao ilipoanguka duniani kote, jambo hili lilidhihirika. Madeni ya wakulima hayakulipika, na rehani zilizochukuliwa hazikupata mnunuzi, kwa kuwa kila aliyekuwa tayari kununua shamba alikuwa ameanguka kwa sababu ile ile. Serikali ya kikoloni ilitoa sheria mwaka 1934 ili mashamba yasihamie mikononi mwa wakopeshaji, na mwaka 1937 ikakipa Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoundwa mwaka 1927, haki ya peke yake ya kununua karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na India yenyewe ikagomea karafuu za Unguja, hata mapatano yakafikiwa mwaka 1938.

Kisa hicho chatuonyesha hatari ya nne, nayo ni ya mnunuzi mmoja. Tangu kati ya karne ya 20 mnunuzi mkubwa wa karafuu za Unguja alikuwa Indonesia, ambako huchanganywa na tumbaku katika sigara ziitwazo kretek. Basi ile nchi iliyonyang'anywa ukiritimba wa mti wake sasa ilikuwa ikinunua matunda ya mti huo kwetu. Lakini nchi iliyo asili ya mkarafuu haikosi mahali pa kuupanda. Indonesia ilipanda mikarafuu mipya, na ilipoanza kujitosheleza bei ya dunia ilianguka vibaya katika miaka ya 1980. Mkulima wa Pemba ambaye hakuwahi kuiona Jawa alihisi mkono wake mfukoni.

Imebaki hatari ya tano, na hii ndiyo kubwa kupita zote. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, ardhi ya Unguja na Pemba ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na mashamba makubwa yakagawanywa kwa wakulima, ekari 3 kwa kila mmoja. Nyumba nyingi za mjini nazo zilitwaliwa. Aliyekuwa na shamba Unguja, shamba Pemba na nyumba ya mawe mjini alidhani ana mali tatu, na kwa upepo na bei alikuwa nazo tatu kweli. Kwa dola alikuwa na moja. Huku bara nako, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa na kutaifishwa kwa mabenki, na mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakachukuliwa. Haifai kulisema jambo hili kwa upande mmoja tu. Hesabu iliyokuwa hasara katika daftari moja ilikuwa ekari 3 katika daftari la mwingine, ambaye baba yake au babu yake alikuwa ameandikwa katika daftari la kwanza kama kitu. Historia ya hatari ya mali haina haki ya kusahau ni nani aliyeibeba hatari kubwa zaidi bila kupata faida yoyote.

Mwaka 1952 mwanachuo wa Marekani, Harry Markowitz, aliyekuwa akisoma Chicago, alichapisha makala fupi iliyoligeuza wazo hili la kale kuwa hesabu, na kwa kazi hiyo alipewa, pamoja na wenzake wawili, tuzo ya uchumi ya Nobel mwaka 1990. Alionyesha kwamba hatari ya fungu la mali haipatikani kwa kujumlisha hatari ya kila mali peke yake. Lazima kutazama jinsi mali hizo zinavyokwenda pamoja. Mali mbili za hatari, kama moja hupanda wakati nyingine ishukapo, zaweza kufanya fungu tulivu. Na mali kumi zinazopanda na kushuka pamoja ni mali moja tu. Hili ndilo walilojifunza watu wa Unguja na Pemba bila hesabu yoyote, asubuhi ya tarehe 16 Aprili, 1872.

Sasa msomaji atauliza: haya yote yanatufaa nini sisi tusio na mikarafuu? Yatufaa sana. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kazi mwaka 1998, lile la Nairobi tangu mwaka 1954. Mtumishi wa leo aweza kununua hisa, dhamana za serikali, vipande vya mifuko ya pamoja, kiwanja, au ng'ombe. Mali bila daftari hupotea bila habari, basi na afungue daftari. Lakini asiandike mali peke yake. Kila mali aiandike katika mstari, na juu ya ukurasa aandike sababu tano tulizoziona: maumbile, yaani mvua, ukame, moto na maradhi, bei, sheria na dola, mnunuzi au mlipaji, na deni. Kisha ajiulize katika kila chumba: sababu hii ikija, mali hii itapungua kwa kiasi gani? Amalizapo, asisome mistari kwa upana; asome safu kwa kushuka chini. Safu itakayokuwa na alama kila mahali ndiyo iliyo na kimbunga chake.

Nimewahi kulifanya zoezi hili pamoja na wanafunzi, na kila mara jambo moja hutushtua. Mwalimu wa serikali hupata mshahara kutoka serikalini, pensheni yake itatoka huko huko, akiba yake ameiweka katika dhamana za serikali hiyo hiyo, na kiwanja chake kiko karibu na mahali pa kazi, ambapo thamani ya viwanja hutegemea mishahara ya walimu wenzake. Juu ya hayo ana mkopo unaokatwa katika mshahara ule ule. Mtu huyu hudhani ana mali nne. Sisemi kwamba ana mali mbaya. Yamkini kila moja ni njema. Nasema tu kwamba katika safu ya mlipaji ana mti mmoja, nao umesimama peke yake.

Wako watakaosema kwamba kutawanya kuna gharama zake, nami nakubali. Anayeshika mali nyingi asizozijua hupoteza kwa ujinga kile alichotaka kukiokoa kwa tahadhari, na mwenye mtaji mdogo akiugawa sana humalizwa na ada na nauli. Aliyekuwa na shamba Pemba ilimlazimu amtafute msimamizi mwaminifu, na si kila msimamizi alikuwa hivyo. Kwa hiyo wingi wa mali si lengo. Mali mbili zisizofungamana zashinda kumi zilizofungwa kamba moja. Na kwa mwenye kidogo, mtawanyo wa kwanza si kununua kitu cha pili, bali ni kupunguza deni, maana tumeona kwamba wale watu wawili wa mfano wetu hawakutenganishwa na upepo peke yake. Lau mtu wa kwanza angekuwa hana deni, angepoteza zaidi ya nusu ya mali yake na bado angeamka asubuhi akiwa na reali 4,667, na jembe.

Katika mashamba ya Unguja yapo bado maeneo ambayo baada ya kimbunga hayakurudi tena kuwa ya mikarafuu. Wenyewe walipanda minazi, ambayo nayo ilikuwa imeangushwa siku ile ile. Yaonekana hawakuwa wakijikinga na upepo. Walikuwa wamekwisha fikiri juu ya bei, juu ya mikono ya kuchuma ambayo haingekuwapo daima, na juu ya miaka 8 ya kungoja. Walikuwa wamesoma safu nyingine ya daftari, na mkononi mwao walikuwa bado na ardhi.